Naomba ushauri: mguu umevimba baada ya korona, mgonjwa ni AS (ana jeni moja ya selimundu)

Asalaam aleikum wakubwa na wenzangu wa wodi na maabara hapa Mombasa.

Mama wa miaka 58 ametoka juzi baada ya kulazwa siku 9 kwa korona. Shavu la mguu wa kushoto limezidi la kulia kwa sentimita 3 na nusu, na ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Wodini alichomwa enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 kila siku, ikasimamishwa alipotoka. Didaima, kipimo cha damu kinachopanda damu ikiganda, ni 900, ila karatasi haisemi ni kwa FEU au DDU, vizio viwili vya kipimo hicho. Kama ni DDU, basi ni kama 1800 kwa FEU, tofauti kubwa! Dopla (picha ya mawimbi ya sauti) ya paja na nyuma ya goti haikuonyesha bonge la damu, chini ya goti hawakupima. Figo ziko sawa.

Takwimu za Marekani zinaonyesha Weusi huganda damu mishipani zaidi kuliko Wazungu, na didaima yao huwa juu hata wakiwa wazima. Sehemu yake ni umaskini na kuchelewa kutibiwa, si damu tu. Lakini huyu mama ana jeni moja ya selimundu, ambayo imehusishwa na bonge la mapafuni, na Pwani wenye jeni hiyo ni wengi.

Naomba kujua:
Nianze dozi ya tiba ya enoksaparini leo, miligramu 1 kwa kilo mara mbili kwa siku, au nisubiri dopla ya pili siku ya 7?
Kwa mwenye AS, kile kikomo cha didaima cha umri mara 10, yaani 580 kwake kwa FEU, mnakiamini?