Shule ilimkabidhi mwanangu kwa mtu bila kumuuliza chochote, ni mimi nakuza mambo?

MamaWawili
Habari zenu wadau. Naombeni mawazo maana hili jambo nimelala nalo siku ya nne sasa na nyumbani naonekana nakuza. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Jumatatu nilichelewa kidogo kumfuata, kufika getini naambiwa ameshaondoka na mjomba wake. Na kweli alikuwa mjomba wake, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa anapita maeneo yale akaona anisaidie, akamchukua akampeleka nyumbani, mesej alinitumia ila simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Mtoto yuko salama hakuna kilichotokea. Ila zile dakika ishirini kabla sijajua, jamani, magoti yaliisha nguvu nikakaa chini pale pale.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mdogo wangu hajawahi kukanyaga ile shule hata siku moja. Nikamuuliza walikuuliza nini, akasema hamna, alisema tu nimemfuata fulani wa darasa la tatu, wakamwita mtoto akaja. Jina lake hawakuuliza, simu hawakunipigia, wala hakusaini popote. Kesho yake nikaenda kuongea na mwalimu wa zamu akaniambia "lakini mama si ni mjomba wake kweli? Na mtoto mwenyewe alimkimbilia kwa furaha." Nikakosa la kusema nikaondoka, majibu yote yakaja njiani.

Shule ina ukuta mrefu, ina kamera, mlinzi ana sare, na ndo vilivyofanya niichague. Sasa nauliza, mi ndo nakuza? Na shule inayolinda watoto inatakiwa iwe na nini hasa, maana nataka nirudi pale nikijua naomba kitu gani, sio niende kulia tu.

Mwl_Mstaafu
Pole sana binti yangu, hujakuza chochote. Nimefundisha msingi miaka 27 na nakwambia lile jibu la mwalimu wa zamu ndo lenye hatari kuliko geti lenyewe. Mtoto kumkimbilia mtu kwa furaha sio kitambulisho. Wengi wanaoumiza watoto ni watu ambao mtoto anawajua na anawapenda, ndugu, jirani, rafiki wa familia, kocha, dereva, na nasema kwa uchungu hata sisi walimu. Mtu asiyejulikana kabisa yupo ila ni wachache. Kwa hiyo ukuta na kamera vinazuia wachache na vinawaacha wengi wapite wakisalimiwa.

Cha kuomba ni rahisi na hakigharimu kitu. Kila mtoto awe na fomu yenye majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, namba zao na ikiwezekana picha, na fomu ipitiwe upya kila mwaka maana maisha ya watu yanabadilika, wengine wanaachana, na kama kuna amri ya mahakama kwamba mmoja asimchukue mtoto basi nakala ikae ofisini na mlinzi aambiwe jina. Akija mtu ambaye hayumo, mtoto anabaki ofisini, mzazi anapigiwa kwa namba iliyoko kwenye fomu, sio namba atakayoitaja yule aliyekuja. Mzazi asipopatikana mtoto anasubiri. Huyo mjomba angeudhika kidogo, sawa, ila mjomba mwema akieleweshwa anaelewa.

Lakini usiishie jioni, uliza na habari ya asubuhi. Hapa nina kidonda changu. Kuna kijana wa darasa la nne alikuwa anatoka kwao kila siku na sare yake na begi, wazazi wanajua yuko shule, sisi kwenye rejista tunaweka hayupo tunajua anaumwa, ikaenda hivyo karibu wiki mbili. Kumbe anashinda kwenye jengo ambalo halijaisha. Alikuwa anawakimbia wavulana wakubwa waliokuwa wanamvizia chooni, wanamvua suruali na kumcheka, na yale mambo yalitokea mita chache kutoka ofisi ya walimu. Simu moja tu siku ya kwanza kabla ya saa nne asubuhi ingetosha. Rejista nilikuwa naijaza mimi mwenyewe. Toka hapo nikawa nalazimisha mtoto asipoonekana na hakuna taarifa, nyumbani kupigwe simu asubuhi ile ile, na mwalimu wa zamu apite vyooni wakati wa mapumziko, maana chooni ndo sehemu ambayo watu wazima hawafiki na watoto wakorofi wanajua.

BabaWaKimya
Nimesoma hii mada mara mbili. Mwanangu ana miaka 9 na haongei, anatumia ishara chache na picha. MamaWawili, binti yako angalau anaweza kukusimulia, mi wangu hataniambia kitu. Kuna utafiti ulichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2012, wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani, ulikuta watoto wenye ulemavu wanafanyiwa ukatili karibu mara 4 zaidi ya wenzao. Mi sikuhitaji utafiti kuamini, nilishaliona kwenye macho ya mwanangu.

Ilikuwa hivi, kwenye shule aliyokuwa kwanza alianza kujikojolea usiku wakati alishaacha siku nyingi, na asubuhi nikitoa sare anaikumbatia nguo ya nyumbani hataki kuivua. Nikaenda kuuliza nani anampeleka chooni. Hakuna aliyejua! Kila mtu anasema yeyote aliye karibu. Sijawahi kujua kama kuna baya lililotokea, huenda ni kelele tu za darasani zilimshinda, sitamsingizia mtu. Nilimhamisha. Shule ya sasa wameandika majina mawili ya wanaomsaidia chooni, mlango wa nje unabaki wazi, wakibadilisha mtu naambiwa kabla, na wamemfundisha picha ya "acha" na picha ya "inauma". Siku ya kwanza aliponionyesha ile picha ya "inauma" akagusa sikio lake, sikio lilikuwa na maambukizi, nililia kama mtoto. Kwa hiyo dada yangu ukirudi pale ulizia pia watoto ambao mama zao hawapo kwenye hicho kikao.

Tichaa_kijana
Samahanini mi nitasema tofauti kidogo. Ni mwalimu mwaka wa tatu huu, nawapenda watoto, lakini siku hizi naogopa. Mtoto akianguka namnyanyua nikiangalia pembeni nani ananiona. Akilia sijui nimguse bega au nimwache. Wazazi wanakuja na hasira, mtoto akisema neno moja mwalimu ameisha, hata akisafishwa baadae jina limeshachafuka. Alafu tunawajaza watoto woga wa kila mtu, je hilo nalo sio kuwaumiza? Kuhusu fomu ya getini nakubali kabisa, ila mengine naomba tuangalie na upande wetu.

Afisa_ustawi
Tichaa hoja yako ni ya kweli na umefanya vizuri kuisema hapa kuliko kuinyamazia. Nafanya kazi ya ustawi wa watoto na walimu waliosingiziwa nimewaona, wapo, ila nimeona watoto wengi zaidi ambao hawakuaminiwa. Ila ona, taratibu nzuri zinamlinda mtoto na zinakulinda na wewe. Ukiongea na mtoto peke yake iwe sehemu mnayoonekana, mlango wazi au dirisha la kioo. Usimtumie mwanafunzi mesej binafsi, pitia kwa mzazi. Usimpe lifti peke yake bila mwalimu mkuu na mzazi kujua. Picha zao zisikae kwenye simu yako. Mtoto anayelia mguse bega mbele za watu, hakuna mtu mwenye akili atakulaumu. Na ukigundua umefanya kitu kinachoweza kueleweka vibaya, kiandike na ukitolee taarifa mwenyewe siku hiyo hiyo, nimeona hilo likimwokoa mwalimu.

Kuhusu woga, mtoto hahitaji kufundishwa kuogopa watu. Anahitaji kujua majina halisi ya viungo vyake bila kuficha ficha, ajue kwamba mtu mzima hatakiwi kumpa siri ya kumficha mama (zawadi ya kushtukiza ni tofauti, hiyo ina siku ya kufunguliwa), na awe na watu wazima kama watatu hivi wa kuwaendea, maana wa kwanza anaweza asimsikilize.

Na siku akikuendea, hapa ndo tunaharibu sana. Nyamaza umsikilize. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utalazimika kusema na atajua umemdanganya. Usimuulize "alikushika hapa eeh?", ukishamwekea maneno mdomoni kesi imeshaharibika, uliza tu "nini kilitokea?" au "niambie zaidi" basi. Mshukuru amesema, mwambie sio kosa lake. Halafu kaandike maneno yake vilevile kama alivyoyasema hata kama ni ya kitoto, tarehe na saa, upeleke kwa anayepokea taarifa za watoto pale shuleni siku ileile. Usimwite mtuhumiwa muyamalize kiutu uzima, kwa sababu hapo umempa muda wa kumnyamazisha mtoto. Na dalili kama alizotaja BabaWaKimya sio ushahidi, ni sababu ya kuuliza, ndugu yangu ulifanya sawasawa kuuliza bila kusingizia.

MamaWawili, kwangu mimi swali kubwa kuliko la geti ni hili, katika ile shule ni nani ameandikwa kwa jina kwamba taarifa za watoto zinafika kwake, nani anashika nafasi yake akiwa hayupo, na kama analalamikiwa mwalimu mkuu mwenyewe zinaenda kwa nani? Uingereza mwaka 2002 mabinti wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari. Uchunguzi uliotolewa 2004 ulionyesha polisi wa eneo alilokuwa anaishi zamani walishapokea tuhuma kadhaa juu yake, ila kumbukumbu hazikutunzwa vizuri na waliomwajiri hawakuzipata. Yaani vipande vya habari vilikuwepo kwa watu tofauti, hakuna aliyeviweka pamoja. Kwa hiyo ulizia pia kama wanawachunguza dereva, mpishi, kocha na wanaojitolea, kwa kuwapigia waajiri wao wa zamani, sio walimu peke yao. Na wakikwambia unasumbua, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 kifungu cha 19 unataka mtoto alindwe na ukatili akiwa mikononi mwa yeyote anayemlea, na cha 12 unasema maoni yake yasikilizwe. Hujaenda kuomba hisani.

Tichaa_kijana
Nimekuelewa afisa. Hiyo ya kuandika na kutoa taarifa mwenyewe sikuwahi kufundishwa chuoni. Hivi kama shule haina huyo mtu wa kupokea taarifa, mi mwalimu mdogo naanzaje kulisema kwenye kikao cha walimu bila kuonekana namtuhumu mtu?

Mwl_Mstaafu
Anza na geti kijana wangu. Geti halina jina la mtu. Leta kisa cha mjomba kama hiki cha mama hapa, waache wenyewe waseme ingekuwaje kama sio mjomba, wakishakubali fomu ndo uulize sasa fomu hizi na taarifa nyingine tumkabidhi nani. Mi nilivyofanya ilikuwa hivyo.

MamaWawili
Asanteni mno, nilisubiri nipate cha kuwaambia. Nimeenda leo na mume wangu (ambaye alisoma hapa kimya kimya usiku, asubuhi akasema tunaenda wote). Mwalimu mkuu alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Fomu amekubali, wanaanza Jumatatu, mlinzi atakuwa na daftari la kusaini. Simu ya asubuhi kwa asiyefika amesema atampa karani. Nikauliza la vyoo na la watoto wenye ulemavu, BabaWaKimya nilikutaja bila jina, akakaa kimya kidogo akasema wapo watatu na hajui nani anawasaidia, akaandika.

Tulipofika kwenye mtu wa kupokea taarifa akasema "mimi mwenyewe." Nikamuuliza na ikiwa ni wewe? Nilitetemeka kuuliza. Hakukasirika ila hakujibu, amesema ataliweka kwenye kikao cha kamati mwisho wa mwezi. Nimeomba niwepo.

Jioni nikamwambia binti yangu kwamba kuanzia sasa atakayemfuata lazima ajue neno letu la siri la familia. Akaniuliza na mjomba je? Nikamwambia na mjomba. Amechagua neno mwenyewe, na amempigia mjomba wake kumwambia, kwa kunong'ona.