Qin Shi Huang: mjenzi wa China au dhalimu?

Mkulima wa Kilosa: Wakuu, tujadili. Mwaka 221 KK huyu bwana alimaliza vita vya dola zilizokuwa zinararuana, akajitangaza mfalme mkuu wa kwanza. Mwandiko mmoja, sarafu moja, mizani moja, hata nafasi kati ya magurudumu ya mikokoteni ikalinganishwa. Mimi nasema bila Qin hakuna China. Wanaomwita dhalimu waje na hoja.

Binti Mwalimu: Hoja hii hapa. Mwaka 213 KK waziri wake Li Si alimshauri vitabu vichomwe, vikachomwa. Vikaachwa vya tiba, kilimo na ramli. Mtawala anayeogopa mashairi anajenga nini?

Chuma cha Reli: Dada, vitabu gani? Karatasi ilikuwa bado, Cai Lun, ofisa wa ikulu, kaivumbua 105 BK. Hapo vilichomwa vipande vya mianzi.

Binti Mwalimu: Kwa hiyo mtu akiandika kwenye mwanzi hajaandika? Halafu hiyo ya Cai Lun ni ile tuliyokaririshwa darasani. Fangmatan, mkoani Gansu, kaburini kulikutwa kipande cha karatasi chenye ramani, cha zaidi ya miaka 200 kabla yake. Walimu walitudanganya.

Mwalimu Mstaafu: Nimefundisha historia hadi nikastaafu na sijamdanganya mtoto wa mtu. Cai Lun alipeleka njia yake kwa mfalme mwaka 105: magome ya miti, katani, matambara, nyavu kuukuu za kuvulia. Hilo limeandikwa katika historia ya Han, ukoo uliotawala baada ya Qin. Ukimwita mwalimu mwongo, lete zaidi ya kipande kimoja.

Binti Mwalimu: Shikamoo mwalimu. Sikukutaja wewe. Ila kuboresha ni kuboresha, na kuvumbua ni kuvumbua.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Hujanijibu.

Pwani Moja: Na hiyo karatasi si ndiyo Waarabu waliipata walipopigana na Wachina vita vya Talas, Asia ya Kati, 751, walipoteka mafundi wa Kichina wakawapeleka Samarkand?

Chuma cha Reli: Hiyo ni hadithi tamu tu. Barua za wafanyabiashara wa Sogdia, yaani nchi ya huko huko Samarkand, zilizookotwa kwenye mnara wa ulinzi karibu na Dunhuang, China, ni za karne ya 4, na ni za karatasi. Watu wa Samarkand waliijua kabla ya vita yoyote.

Mkulima wa Kilosa: Jamani, nimeuliza Qin.

Mzee wa Baraza: Nakujibu mimi. Nchi aliyoijenga haikumaliza miaka minne baada ya kifo chake, 210 KK. Mwaka uliofuata Chen Sheng na Wu Guang, watu walioitwa jeshini kwa lazima, walikwamishwa na mvua njiani wakielekea kambini. Sheria ya Qin ilisema ukichelewa unakatwa kichwa. Wakaona kama kufa ni kufa, bora waasi. Huo ndio ujenzi wako.

Chuma cha Reli: Mzee, mwaka 1975 kaburi la karani wa Qin lilifukuliwa Shuihudi, Hubei, limejaa sheria zenyewe kwenye mianzi. Aliyeitwa kazi za umma akachelewa siku tatu hadi tano anakaripiwa; sita hadi kumi, faini ya ngao moja; zaidi ya kumi, deraya moja, yaani vazi la vita. Mvua ikizuia, anasamehewa! Habari za vichwa tunazo kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika karne moja baadaye chini ya Han, waliorithi kiti cha Qin.

Mzee wa Baraza: Hao walikuwa askari, si vibarua wa barabara. Usichanganye mafaili. Na waliokufa wakijenga Ukuta Mkuu wa China je?

Pwani Moja: Ukuta ule unaoonekana mpaka mwezini!

Binti Mwalimu: Hauonekani. Mwanaanga Yang Liwei alizunguka dunia 2003, tena Mchina mwenyewe, akasema hakuuona. Na wa matofali unaopigwa picha ni wa ukoo wa Ming, karne nyingi baada ya Qin. Wa Qin ulikuwa sehemu kubwa udongo ulioshindiliwa.

Mkulima wa Kilosa: Asante dada. Basi hata lawama za Ukuta zigawanywe.

Binti Mwalimu: Sijakuunga mkono! Vitabu vilichomwa.

Mwalimu Mstaafu: Vitabu vya mianzi. Na kama si Cai Lun, wangeendelea kuvibeba kwa mikokoteni.

Binti Mwalimu: Mwalimu, Fangmatan.

Mwalimu Mstaafu: Kipande kimoja, binti yangu. Bado nasubiri cha pili.