Hürrem kuolewa na Sultan Suleiman: kwa nini kasri zima lilishtuka?

Mpenda Tamthilia: Wakuu, kuna kitu sijakielewa kwenye tamthilia ya Sultan Suleiman, yule sultani wa Ottoman. Hürrem ameshazaa watoto kibao na anajitanua kasrini kama malkia. Sasa nikaha inamuuma nini Mahidevran, mama wa mwanamfalme Mustafa? Kwani Hürrem hakuwa mke tayari?

Mzee wa Kasri: Hakuwa mke, alikuwa suria. Suria akishamzalia bwana wake, hauzwi tena, na bwana akifa yeye yu huru. Mtoto huzaliwa huru na hurithi kama mtoto wa ndoa, ndiyo maana kwa vizazi kadhaa masultani waliacha kuoa. Halafu bwana hawezi kumwoa mjakazi wake mwenyewe akiwa bado mtumwa. Anamwacha huru kwanza, ndipo waje mahari na mashahidi. Hapo ndipo Hürrem anapocheza karata yake: kaachwa huru, kisha anakataa kuitwa chumbani, maana bila ndoa sasa ni zinaa! Busbecq, balozi wa Austria, alikiandika kisa hicho, ila alifika Istanbul kama miaka 20 baadaye, kwa hiyo kichukulie kama maneno ya mjini.

Binti Manisa: Ongeza desturi ya mama mmoja, mtoto mmoja wa kiume. Suria akipata wa kiume, sultani hamwiti tena. Mtoto akikua anapewa jimbo, na mama anafungasha naye. Mahidevran alimfuata Mustafa hadi Manisa mwaka 1533. Hürrem alizaa wanaume watano (Mehmed, Abdullah, Selim, Bayezid na Cihangir) na bado akabaki Istanbul, kwa posho ya aspa (sarafu za fedha) 2,000 kwa siku.

Mpenda Tamthilia: Kumbe. Kwa hiyo ni wivu tu?

Binti Manisa: Wivu ni kidogo. Kanuni ya Mehmed wa Pili, sultani aliyetawala kabla ya Suleiman, ilimruhusu anayepanda kitini kuwaua ndugu zake, kwa hiyo kila mama alikuwa anapigania shingo ya mwanawe. Mustafa alinyongwa 1553 kwa amri ya baba yake. Hürrem naye hakuufaidi umama wa sultani: alifariki 1558, Selim akatawazwa 1566.

Mzee wa Kasri: Tukiwa hapo hapo, ile ndoa ya Ibrahim Pasha, waziri mkuu, na Hatice, dada wa sultani, msiimeze nzima. Watafiti wengi siku hizi wanasema mkewe alikuwa Muhsine. Kuuawa kwa Ibrahim Machi 1536 ndiko hakuna ubishi.