MREJESHO: Mahindi ya watoto yaliyokuwa yanaliwa na dumuzi

Shalom wakuu. Mwezi wa saba nililia hapa: kituo chetu cha watoto cha kanisa, nje kidogo ya Dodoma mjini, watoto 34, magunia 20 ya mahindi kutoka Kibaigwa, na dumuzi wameshaanza kuyageuza unga.

Nilifuata ushauri wa dada wa Kongwa: mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Tulipepeta, tukaanika upya siku tatu, huku tukipima kwa chumvi kavu ndani ya chupa. Ukitikisa na mahindi, chumvi ikiganda ukutani mwa chupa bado yana maji. Siku ya kwanza iliganda, nami nilikuwa naapa yamekauka! Tukakamua hewa, kila nailoni tukaifunga kivyake. Mdudu anakosa hewa, anakufa.

Juzi tumefungua. Mifuko 16 safi kabisa. Minne panya waliitoboa, dumuzi wakarudi, mahindi yake tumewapa kuku. Kosa langu: mliniambia niweke juu ya chaga, mbali na ukuta, nikaona mnakuza mambo. Sasa chaga zipo, na paka yupo. Watoto wamemwita Askofu. Mzee wa kanisa hajafurahi.

Kuchanganya mahindi na majivu sikujaribu, samahani mzee uliyeshauri. Kuyaosha majivu hayo kwenye mahindi ya watoto 34 kwa maji ya kununua kwa dumu, hapana.

Mama mpishi anawasalimu. Asanteni sana.