Kuuza kazi ya mikono ya basanii ku intaneti toka Lubumbashi, inaweza kudumu kweli?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Bandugu, jambo yenu. Niko na mupango ya kufungua duka ku intaneti, apana ya vintu vya China, ya vintu vyenye basanii ba hapa kwetu banatengenezaga na mikono: malakiti (ile jiwe ya kijani), shaba ya kupiga na nyundo, mikufu, herini, tablo, na vikapo vya Bukavu kama naweza kuvipata. Basanii niko nabo tayari, bengine tulisoma nabo, beko na kipaji lakini banauzaga tu mu barabara katikati ya muji kwa muzungu mwenye kupita, na siku muzungu hakupita hakuna bukari. Mi niko na telefone yenye kupiga foto muzuri na mafranga kiloko niliweka pembeni. Sasa nauliza, siti ya intaneti nitengeneze yangu ao nijiweke ku Etsy, ile soko ya intaneti ya kazi za mikono, bakiliya ba inje batalipa namna gani, na kolisi (muzigo ya kutuma) ikitoka Lubumbashi (L'shi) inafika Ulaya bila kumaliza faida yote? Na basanii nibalipe mbele ao bangoje mpaka kintu kiuzwe? Nimeona batu mingi banaanzaga na moto, logo muzuri, paji ya Facebook, kisha miezi kidogo paji imelala. Mi nataka kintu cha kudumu. Munisaidie, lakini musiniambie "uwe na imani", imani niko nayo, ni njia njo sina.

Mama_Vikapo (Bukavu)

Mdogo wangu, anza na malipo, logo itangoja. Etsy inawalipa wauzaji kupitia mfumo wake yenyewe, na Kongo yetu haiko kwenye orodha ya nchi zake, kwa hiyo ukitaka kufungua kwa jina lako na konti ya benki ya L'shi utagonga mlango tu. Wale unaowaona wanauza vitu vya Kongo kule wako na ndugu anayeishi inchi ingine, na yeye ndiye mwenye duka kwa karatasi. Inawezekana, ila muandikiane, maana feza inaingia kwake na kodi ya kule inamuangukia yeye, na siku mtakosana duka linabaki kwake pamoja na bakiliya wote. Tena Etsy haiko bure: kila kitu unachoweka ni dola 0,20 na tangazo linaishi miezi 4, kikiuzwa wanakata 6,5% ya bei, na hiyo 6,5% inakata pia ile transpo uliyomulipisha mukiliya, zamani ilikuwa 5% wakapandisha 2022, kisha kuna makato ya malipo juu yake. Watu wanasahau transpo kwenye hesabu halafu wanashangaa feza imeenda wapi.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza mimi ningeuza kwa wanaoweza kukulipa leo. Hapo L'shi uko na watu wa migodi, Wazungu, Bahindi, Wachina, watu wa ONG (mashirika ya misaada), mahoteli, maofisi yanayotafuta kadoo ya mwisho wa mwaka. Hao wanalipa M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, ao kash kwenye mlango. WhatsApp Business na katalogi yake haikuombi kitu. Ndugu walio inje wanakutumia Western Union ao moja kwa moja kwenye simu, lakini usijidanganye, mtu wa Oslo asiyekujua hatakutumia Western Union hata siku moja, na yuko na haki.

Sasa transpo, hapa ndipo sisi wa vikapo tunalia. Kampuni za kolisi hazipimi kilo peke yake, zinapima na ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimeta, ugawe kwa 5000, na kati ya ile namba na kilo ya kweli wanachukua iliyo kubwa. Katoni ya 40 kwa 40 kwa 20 inatoa 6,4. Kikapo chako kina gramu 700, utalipa kama kilo 6 na nusu, kikapo cha dola 20. Ndiyo maana sisi tunasuka vya kuingizana kimoja ndani ya kingine, kikubwa kinabeba wadogo zake, na tunauza seti. Vya kifuniko kigumu tunauza hapa hapa. Na usiniulize kukutumia vingi sasa hivi, huku kwetu benki zilifungwa mwanzo wa 2025 na mizigo yetu inapitia mpaka wa Ruzizi, nikikuahidi tarehe nitakuwa nakudanganya.

Fundi_Jiwe (Lubumbashi, Ruashi)

Mwana Katuba, mi ni fundi malakiti, acha niseme upande yetu juu mambo hizi banaulizaga kila mutu isipokuwa fundi.

Depo, kuacha kazi kwa muuzaji bila kulipwa, apana. Mutu anakuya, anabeba vintu kumi, anasema nitakulipa kikiuzwa, miezi inapita, unapiga telefone hashike, kumbe kimoja kiliuzwa zamani na ile mafranga ikalipa nyumba yake. Shiye jiwe tunanunua kash. Inatoka Kolwezi, Likasi, kule, na ile yenye mistari muzuri haikungoje, ukikosa mafranga asubui mwenzako ameshaibeba. Kwa hiyo nusu siku ya komande, nusu siku naleta kazi. Kama hauna mafranga ya vintu kumi, komanda bitatu, hakuna haya. Unabaki na basanii babili benye unalipa, ni muzuri kuliko basanii makumi mbili benye banakukimbia.

Kintu ingine hakuna mutu anaitia mu bei ni vumbi. Malakiti ni jiwe ya shaba, ile vumbi yake ya rangi ya majani ni mubaya sana mu mapafu, inatakiwa kukatwa na maji na kuvaa maski ya kweli, apana kitambaa ya kufunga ku pua. Bengi betu tunakata kavu juu mashine ya maji iko bei na kura (umeme) inakatika katika. Sasa unaandika ku duka yako "biashara ya kudumu", na fundi anakohoa usiku kucha, kinachodumu ni nini pale? Ile dola mbili ya maski na disiki uitie mu bei ya kila kintu, na umwambie mukiliya, bazungu banapenda kujua ile na ni kweli.

Tena jina langu iandikwe. Kintu nilichotunga mimi iko na sheria yake, ile ya 1986 ya haki za mutunzi, iko hapa Kongo, basoma. Usikuye kupiga foto ya kazi yangu kisha uipeleke kwa mwingine ku Kenya akufanyie sawa ile kwa bei ya chini. Lubumbashi ni ndogo, tutajua.

Mtoto_wa_Kamalondo (Bruxelles)

Fundi amesema kweli, mi niongeze ya upande ya huku juu njo fasi kolisi inafikia.

Toka tarehe 1 Julai 2021 kila kintu chenye kuingia Ulaya kinalipa TVA (kodi ya mauzo) hata kama ni cha euro 5, hapa Ubelgiji ni 21%. Marekani nako walikuwa na ile mulango ya dola 800 bila kulipa dwane (forodha), walifunga kwa inchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Kama hukumwambia mukiliya mbele, faktere (mutu wa posta) anafika na kolisi na bili, mukiliya anakasirika, anakataa, kolisi inarudi ao inapotea na wewe unarudisha mafranga. Hapo njo maduka mingi ilikufia, hapana juu ya logo. Na wale banasema "nitatuma na shangazi mu valizi": ile euro 430 yenye musafiri wa ndege anaruhusiwa ni ya kadoo na vintu vyake, kama ni marshandizi anatakiwa kutangaza ku dwane, usimutie shangazi mu matatizo.

Njia yenye naona inatembea: stoki ndogo ikae hapa kwa mutu mumoja mwenye karatasi za biashara, inaingia mara moja na dwane yake imelipwa, kisha vintu vinatumwa na posta ya hapa moja moja. Mukiliya anapata kwa siku kidogo, TVA iko tayari mu bei. Lakini hii inataka vintu vidogo. Malakiti iko na uzito karibu mara 4 ya maji, ile chesi yenye munapenda kutengeneza na ile simba kubwa, acheni hizo zibaki kwa batu ba migodi, huku leteni herini, pendanti, vifungo vya shati, mayai madogo. Na ndoano za herini zisiwe zile za soko za bei ya chini, Ulaya iko na sheria juu ya nikeli kwa vintu vyenye kuingia mu sikio, mutu sikio ikivimba unarudisha mafranga na anaandika mubaya.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme herini, fundi analipwa dola 8 pamoja na ile ya maski yake, ndoano ya feza 2, boksi 1, safari ukigawa ku mizigo yote pamoja na dwane 2, posta ya ndani na bahasha tuweke 6. Hapo uko 19 na bado haujala, haujalipa mega ya intaneti, haujalipa mwenye kushika stoki, na TVA iko bado inangoja. Ukiuza 25 unafanya kazi ya bure. 38, 40, hapo unaweza kupumua. Kama unaogopa bei hii, usiuze inje, uza hapo.

Na foto! Malakiti hakuna mbili zenye kufanana, mistari ni ingine kila mara. Ukipiga foto ya moja ukauza makumi mbili, kila mukiliya atasema ulimupa ingine. Piga foto kila moja, namba nyuma, karibu na dirisha asubui, bila flashi juu flashi inaua ile kijani. Andika tena jiwe haipende vinaigre (siki), ndimu wala manukato, inapoteza mungaro. Mutu mwenye anajua kuitunza harudishe.

Mwana_Katuba

Aksanti bakubwa. Kwa hiyo kama nimesikia, naanza hapa, vintu vidogo, basanii babili ao batatu, nalipa nusu mbele, na siti inangoja. Lakini niko na mashaka mbili. Moja, karatasi, natakiwa kujiandikisha sasa ao nikishakua? Ya pili, ile roho ya kuweka basanii mingi iliniuma, juu nilitaka duka ionekane kubwa, tablo, shaba, yote. Na niko na rafiki anachonga muti ya mukula, muzuri sana, nayo naweza kuitia?

Mama_Vikapo (Bukavu)

Karatasi: kwa kuuza hapo mjini kidogo kidogo patente (ruhusa ya biashara ndogo) inatosha kuanzia, lakini siku ofisi ya mugodi itakuomba fakture, ao unataka kutuma inje kwa jina la duka, utahitaji RCCM, ile namba ya kuandikisha biashara. Nenda ku guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara, uulize mwenyewe, usipitie mtu wa kati. Na malakiti ni jiwe, kabla ya kutuma stoki uulize CEEC (ofisi ya serikali ya kupima mawe ya bei) na dwane karatasi gani wanataka, wakuandikie.

Duka kubwa la nini? Mukiliya hanunui duka.

Mtoto_wa_Kamalondo (Bruxelles)

Mi nakataa kidogo na mama hapo, apana juu ya ukubwa, juu ya tablo. Tablo inaweza kuwa njo kintu yako ya nguvu, juu haiko na uzito, unaikunja mu tubo, na batu ba huku benye kupenda sanaa banaijua Lubumbashi mbele yako: ile atelier ya Hangar ya 1946 na bachoraji bake, Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na leo beko bengi banafika L'shi juu ya Bienale, maonyesho ya sanaa yenye Picha, kikundi ya basanii ya L'shi, ilianzisha 2008. Lakini tablo haiuziwe sawa herini. Tablo moja, muchoraji mumoja, jina lake, mwaka, karatasi yenye amesaini, na muandike mapema nani anapata ngapi. Ukichanganya tablo ya dola 400 na herini ya 38 mu paji moja, mwenye 400 anaona soko, mwenye 38 anaona museyumu, bote banatoka. Fanya katalogi mbili.

Na kama mutu anakuletea ile misalaba ya shaba ya zamani ya Katanga, usiguse, zile ni vintu vya makaburi na vya museyumu. Fundi akikufanyia mupya, andika ni mupya.

Fundi_Jiwe (Lubumbashi, Ruashi)

Mukula: hii niachie, mukubwa wangu anachonga. Ile muti ilitiwa mu liste ya CITES (mapatano ya dunia ya kulinda miti na wanyama) mwaka 2019, juu ilikatwa mingi sana huku Katanga na Zambia ikipelekwa China. Sheria inagusa magogo na mbao kuliko sanamu yenye imekwisha kuchongwa, lakini mutu wa dwane akiona muti mwekundu toka Katanga hataanza kusoma sheria, atafunga kolisi kwanza. Kwa hiyo rafiki yako, kazi yake uiuze hapa L'shi ku mahoteli na maofisi, na umuulize muti anatoa wapi, kama hawezi kukuambia, mwambie atafute muti ingine, msufi, mwembe wenye umeanguka, hata mukubwa wangu sasa anachonga mwembe. Pembe ya tembo usiongee kabisa, hata kama wanakuambia ni ya babu.

Na kama uko serieuze, kuya Ruashi na komande yako ya vitatu. Leta kipimo ya ndoano, niangalie tundu ya kutoboa, juu jiwe ikipasuka ku kutoboa ni mimi ninalipa.