PL509 inageuka nyekundu kama kaa: TV ya rangi ya valvu, mafundi nisaidieni

Wa_Mkomani (Lamu)

Asalaam aleikum mafundi. Mimi sikusomea kazi hii. Nimetengeneza redio za valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) miaka kumi hivi, nikiwa nimekaa dakani nyumbani, na hii ndiyo TV yangu ya kwanza. Ni ya rangi, ya Kijerumani, inchi 25, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, nusu valvu nusu transista. Niliipata Malindi kwa mzee aliyekuwa mlinzi wa nyumba ya mzungu. Alikuwa ameweka chungu cha maua juu yake. Ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, na pale gatini punda tulimjaribu akagoma. Wakaibeba hamali wawili. Mmoja mpaka leo akiniona hupita kichochoro cha pili.

Ndani nilikuta kutu, chumvi na mayai ya mjusi kafiri yamegandana na waya. Nimesafisha kwa brashi, nimebadilisha zile kapasita kubwa za elektroliti, kisha nikaiwasha kupitia balbu ya wati 200 nione kama ina shoti. Haina. Leo nimeichomeka moja kwa moja. Valvu zote zinawaka na spika inavuma, lakini kioo ni giza tupu. Baada ya dakika moja, PL509, ile kubwa yenye kofia juu, ubavu wake ukawa mwekundu kama kaa la seredani. Nikazima mbio. Je, imekufa? Nimeona moja inauzwa Ujerumani. Bei yake pamoja na posta ni mbuzi mzima.

Fundi_Mstaafu (Malindi)

Wa aleikum salaam mwanangu. Mbuzi wako mwache kwanza.

PL509 ndiyo inayosukuma transfoma ya laini, nayo transfoma ndiyo inayozalisha volti 25,000 za tyubu ya picha. Gridi ya valvu hiyo, yaani breki yake ya umeme, hupata volti hasi kutokana na mapigo ya osileta, saketi inayotoa mapigo hayo. Mapigo yakikosekana, hasi nayo hakuna, basi valvu inapitisha umeme bila breki mpaka bati lake linawaka. Ukiweka mpya, nayo utaichoma vilevile.

Weka mita kwenye gridi ukiwa umezima, washa, soma, uzime kabla haijawa nyekundu. Ukikuta hasi 50 au zaidi, njoo tuzungumze mengine. Ukikuta karibu na sifuri, au chanya, shuku kapasita inayotoka kwenye osileta kuja kwenye gridi. Huku kwetu unyevu wa bahari unazila hizo. Ikianza kuvuja inapitisha volti chanya na kuiua ile hasi. Usipoteze muda kuipima, ibadilishe tu: thamani ileile, volti 630 kwenda juu.

Jingine, na hili usilipuuze. TV nyingi za aina hiyo chasi yake, yaani fremu ya chuma ya ndani, imeungwa moja kwa moja na waya wa stima. Plagi ya Kijerumani huingia upande wowote, na aliyeweka ya pini tatu huenda hakujali ipi ni ipi. Gusa chasi kwa testa kabla ya kugusa kwa mkono. Mimi nilirushwa mwaka 1981 hadi kwenye kabati la vyombo, na mke wangu alisikitikia vyombo.

BintiTransfoma (Shela)

Mzee kasema yote, naongeza mawili. Kaka, kama ndani kuna PD500, ile valvu ya kudhibiti volti za juu, kijumba chake cha chuma usikitoe TV ikiwa inawaka. Valvu hiyo hutoa eksirei. Na hata ukizima, tyubu hubaki na chaji. Iondoe kwa waya ulioungwa na ardhi ya tyubu kabla ya kushika kofia yake.

Bahati yako ni ya Kijerumani. Ingekuwa ya Uingereza ungepata picha bila sauti, maana sauti yao iko megahezi 6 kutoka kwenye picha, na yetu, kama ya Wajerumani, ni 5.5. Ila matangazo ya analogi yalizimwa 2015, na king'amuzi cha siku hizi hutoa AV na HDMI tu. TV yako inataka eriali, basi tafuta deki ya kanda za VHS ikugeuzie. Pitisha king'amuzi ndani yake, halafu waya wa eriali uende kwenye TV.

Wa_Mkomani (Lamu)

Ami, gridi ilisoma hasi 8, ikapanda polepole hadi chanya 3. Nikabadilisha kapasita, shilingi 60, ikawa hasi 55. Nilidhani bado haifanyi kitu, kumbe mjukuu wangu kaziba masikio: "Babu, inapiga mluzi!" Ni mluzi wa transfoma ya laini ikifanya kazi; mimi kwa umri wangu siusikii tena.

Deki nimeazima kwa jirani. Picha ya kwanza ilikuwa taarifa ya habari, mtangazaji nusu ya uso kijani, na kona ya chini zambarau tupu. Sauti safi kabisa. BintiTransfoma, hiyo kona ni kazi ya koili ya kuondoa usumaku, au ni hamali waliiangusha wakanificha?

BintiTransfoma (Shela)

Anza na koili. Izungushe mbele ya kioo, kisha rudi nayo nyuma polepole hadi mita mbili ndipo uizime. Zambarau isipoondoka, kamuulize hamali.