"Brown" ya Kiingereza: kahawia, hudhurungi, kaki au nini?

Mfasiri_Lishe
Habari zenu wakuu. Natafsiri kijitabu cha lishe na mapishi, na neno "brown" linanisumbua. Limo kila ukurasa: brown sugar, brown rice, brown bread, brown eggs, brown paper bag, halafu linageuka kitenzi, "brown the meat". Kamusi zinanipa "kahawia" na "hudhurungi", basi. Nikipachika "kahawia" kote, maandishi yanasomeka kama yametoka kwenye mashine. Je, hayo mawili yana tofauti? Hivyo vyakula mnaviitaje? Na tan, chestnut, hazel na auburn ni rangi hiyohiyo au kuna mipaka?

Kalamu_ya_Pwani
Mkuu, kahawia na hudhurungi ni visawe. Tofauti ni ya matumizi tu: kahawia linatokana na kahawa na kila mtu analielewa, hudhurungi utalikuta zaidi vitabuni na mitihanini. Kwa kijitabu cha wananchi chagua kahawia ubaki nalo. Usibadilishebadilishe, msomaji atadhani ni rangi mbili. Angalia pia sarufi: rangi zinazochukua viambishi vya ngeli ni tatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu. Viatu vyekundu, lakini viatu vya kahawia.

Vyakula sasa. Hapa kamusi haitakusaidia, maana kila "brown" ina sababu yake.

Brown sugar: usiandike "sukari guru". Sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda, molasi (shira nzito nyeusi ya miwa) haikutolewa kabisa. Brown sugar ya mapishi ya Kizungu mara nyingi ni sukari nyeupe iliyorudishiwa molasi, laini na yenye unyevu. Wala si sukari yetu ya kawaida ya dukani, ambayo mara nyingi ina wekundu kidogo lakini chembe zake ni kavu. Andika "sukari ya kahawia", kisha weka maelezo: asiyeipata achanganye kikombe 1 cha sukari nyeupe na kijiko 1 cha chakula cha molasi, au vijiko 2 kama mapishi yanataka ile iliyokoza. Ukikuta "1 cup packed" maana yake kikombe kilichoshindiliwa, kama gramu 200 hadi 220. Asiposhindilia, sukari itapungua na keki itatoka kavu.

Brown rice: mchele usiokobolewa.

Brown bread: angalia kifungashio kinachozungumziwa. Mkate unaweza kuwa wa kahawia kwa sababu ya molasi, kimea au rangi ya karameli, na unga wake ukawa mweupe tu. Kama kijitabu kinasifia nyuzinyuzi, kinakusudia "wholemeal", na hapo andika "mkate wa ngano nzima". Uingereza kanuni za mkate na unga za mwaka 1998 zimetenga hayo mawili: neno "wholemeal" haliruhusiwi mpaka unga wote uwe wa nafaka nzima.

Brown eggs: mayai yenye ganda la kahawia. Kuna wanaoandika "mayai ya kienyeji", hilo ni kosa kubwa. Rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku, na kuku wengi wa kisasa wa mayai hutaga ya kahawia. Lishe ya ndani haibadiliki kwa sababu ya ganda.

Brown paper bag: mfuko wa kaki. Hapa tayari tuna neno letu, kama bahasha ya kaki. Ukiandika "mfuko wa karatasi ya kahawia" watakuelewa, lakini hakuna anayesema hivyo dukani.

Mama_Jiko
Nakubali mengi ila mchele hapana. Kukoboa ni kutoa ganda la nje, na kabla ya hapo huo si mchele, ni mpunga. Brown rice umeshakobolewa. Kilichobaki ni ngozi nyembamba ya pumba pamoja na kiini. Kinachoufanya mweupe ni hatua ya pili, kusugua. Kwa hiyo ni "mchele usiosuguliwa" au, kwa wasomaji wengi, "mchele wa kahawia" na maelezo mara moja mwanzoni. Kwenye mahindi ndiko "kutokoboa" kuna maana, yaani dona dhidi ya sembe, nafikiri mkanganyiko umetoka huko. Badilisha na muda wa kupika: dakika 40 hadi 45, si 20, na maji yaongezwe.

Kuhusu kitenzi. "Brown the meat" wengi hutafsiri "kaanga nyama mpaka ibadilike rangi". Haitoshi! Nyama inabadilika kwanza kuwa kijivu, na mpishi mgeni ataishia hapo. Jikoni tunasema "mpaka ipige wekundu". Hata vitunguu vya pilau hukaangwa mpaka viwe vyekundu, na hakuna anayedhani ni wekundu wa nyanya. Mimi ningeandika hivi: "Kausha vipande vya nyama kwa kitambaa au karatasi. Pasha mafuta moto sana. Panga nyama kwa nafasi, usijaze sufuria, usiigeuze mpaka upande wa chini upige wekundu."

Sababu ya kukausha ni kwamba maji hayapandi juu ya nyuzi 100, na wekundu unaanza vizuri kwenye nyuzi kama 140 za Selsiasi. Nyama yenye maji, au iliyorundikwa, inachemka kwenye mchuzi wake.

"Golden brown" ya maandazi na vitunguu ni "rangi ya dhahabu". Vitunguu vitolewe vikiwa bado dhahabu kwa sababu huendelea kuiva kwa joto la mafuta yaliyovishika. Ukingoja viwe kahawia ndani ya mafuta, vitakuwa vyeusi na vichungu kwenye sahani.

Mwanaisimu_KE
Kwa tan, chestnut, hazel na auburn: si rangi moja. Kila neno lina kitu chake linachoshikana nacho.

"Auburn" ni nywele tu, kahawia yenye wekundu. Hakuna gari wala kiatu cha auburn katika Kiingereza cha kawaida. "Hazel" mara nyingi ni macho, kahawia hafifu yenye ukijani. "Chestnut" ni nywele na farasi. Farasi "bay" ni wa kahawia pia, lakini manyoya ya shingo, mkia na miguu ya chini ni meusi. Chestnut hana weusi huo. "Tan" ni kahawia hafifu ya ngozi iliyotengenezwa kwa maji ya magome, kazi ambayo magome ya mikoko yamewahi kufanya, na pia ya ngozi ya mtu aliyepigwa na jua. "Beige" inakaribia maziwa kuliko kahawa.

Watu ndio mtego. "Brown skin" kwa Kiswahili ni "maji ya kunde". Lakini tazama nani anaandika: Uingereza "brown" mara nyingi ni mtu wa asili ya Asia Kusini, na hapa Kenya vijana wakisema mtu ni "brown" wanamaanisha mweupe wa kwetu, si maji ya kunde.

Ukikutana na "brownout", ni umeme kushuka nguvu bila kukatika. "Browned off" ni kuchoshwa na jambo. Rangi haimo.

Mfasiri_Lishe
Asanteni sana, mchele na nyama nimeshabadilisha. Jingine dogo: mbunifu wa jalada ameandika "brown" kwenye programu na imetoka nyekundunyekundu. Tatizo ni kompyuta?

Kalamu_ya_Pwani
Mama_Jiko uko sahihi kwenye mchele, nimekubali.

Jalada: kompyuta haina kosa. Kwenye orodha ya rangi za wavuti jina "brown" ni 165, 42, 42 (viwango vya nyekundu, kijani na buluu), yaani nyekundu iliyotiwa giza. Mwambie aandike 139, 69, 19, au 111, 78, 55 akitaka ya kahawa. Mandhari ya jalada iwe nyeupe au krimu. Kahawia ni chungwa lililopunguzwa mwanga, na jicho huiona kahawia pale tu kilicho pembeni yake kinapong'aa zaidi. Kwenye mandhari nyeusi namba hizohizo zitaanza kuvuta kwenye chungwa.